Barua kuhusu ile pikipiki iliyolala bandani

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na picha. Umeuliza ununue au uache, nami nitakujibu, ila kwanza tuimalize ile sifa iliyokuteka, kwamba pikipiki "haijatembea". Injini ya cc 250, miaka ishirini, kilomita 18,000, na miaka minne ya mwisho imelala bandani. Huko kulala ndiko kunakonitia shaka kuliko umri wake. Pikipiki inayotembea kila siku huonyesha ugonjwa wake barabarani na mwenyewe akautibu. Iliyolala huuficha mpaka siku utakapoiwasha wewe.

Chukua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Petroli iliyoachwa ndani hukauka ikabaki utomvu wa kahawia, na mahali pa kwanza kuziba ni jeti ya mwendo mdogo, yenye tundu lisilofika hata nusu milimita. Dalili yake ni injini kuwaka ukivuta choki, na kuzima ukiirudisha. Hilo ni la kusafisha tu, almradi asitokee mtu wa kuchokonoa tundu kwa waya wa chuma. Akilipanua kidogo, petroli na hewa hazitapatana tena. Tangi ni jambo zito zaidi. Fungua kifuniko, mulika tochi ndani. Hewa iliyokaa juu ya petroli hutoa umande, na umande hula bati. Kutu ya unga inayofutika kwa kidole inaweza kusafishwa. Ukikuta magamba, au rangi ya nje imeanza kufura upande wa chini, tangi linaelekea kutoboka, basi hesabu bei ya jingine.

Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne zilizozungushiwa duara refu. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata nzito, yaani meno marefu ya tairi, zisikudanganye: mpira uliozeeka huwa mgumu, na barabara ikilowa haushiki. Ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, usiipande hata kwa majaribio marefu.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa taratibu. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishashiba maji, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 155. Ndiyo maana hubadilishwa kila miaka miwili, na hii imekaa minne. Isukume pikipiki kwa mkono gia ikiwa huru, kamata breki ya mbele, iachie, sukuma tena. Ikiwa nzito kuliko mwanzo, pistoni za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zimeshika kutu na pedi hazirudi.

Sasa injini. Mwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe kabla hujafika, na ukifika, hata kabla ya maongezi, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, huenda anaficha shida ya kuwaka ikiwa baridi. Mwambie utarudi kesho. Ikiwaka, nenda nyuma utazame bomba la moshi. Mvuke mweupe wa dakika za mwanzo ni umande tu. Moshi mweusi ni petroli kuzidi hewa, mara nyingi kwa sababu ya filta ya hewa au kabureta chafu. Wa bluu ndio wa kuuchunguza, kwa kuwa injini inakula oili. Ukitoka unapovuta mafuta, shuku ringi za pistoni na silinda. Ukitoka pale unapoachia akseleta kisha ukavuta tena, shuku sili za valvu, mipira inayozuia oili isishuke kwenye silinda. Sili ni kazi ya kichwa cha injini peke yake, lakini ringi zinataka silinda itoke, ipimwe, na pengine ichongwe na kuwekewa pistoni ya saizi inayofuata.

Ukipata fundi mwenye geji ya kompresheni, yaani kipimo cha mgandamizo ndani ya silinda, nenda naye. Injini iwe imepata moto, plagi itoke, geji ifungwe mahali pake, akseleta ifunguliwe mpaka mwisho, kisha stata izungushwe hadi mshale usipande tena. Andika namba. Mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, upime mara ya pili. Ikipanda sana, ringi zimekwisha, kwa sababu oili imeziba pale zilipokuwa zikivujisha. Isipopanda, upepo unapotelea kwenye valvu au gasketi ya kichwa. Namba sahihi imo kwenye kitabu cha modeli hiyohiyo. Usiikadirie kwa pikipiki nyingine, maana injini nyingi za silinda moja zina kifaa cha kulegeza kompresheni wakati wa kuwasha, na geji husoma chini hata injini ikiwa nzima.

Sikiliza pia. Mchakacho mwepesi upande wa juu, unaopungua ukiongeza mwendo, huwa ni cheni ya taimingi, inayoendesha valvu, au kikazio chake. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini na kuzidi injini ikibeba mzigo ni beringi ya konrodi, mkono unaoshika pistoni. Huo ukiusikia, shukuru, vaa kofia yako uende nyumbani.

Barabarani jaribu zaidi gia ya pili, kwani mara nyingi ndiyo huanza kuliwa. Vuta mafuta kwa nguvu, achia, vuta tena. Ikiruka na kurudi huru, meno ya pembeni ya gia yamekuwa mviringo, na hakuna njia ya kuyafikia ila kushusha injini na kuipasua katikati. Klachi ijaribu ukiwa gia ya juu na mwendo wa wastani: fungua akseleta ghafla, na injini ikipiga kelele bila pikipiki kuongeza mwendo, pleti zinateleza. Hizo hubadilishwa injini ikiwa mahali pake.

Na huo ndio mpaka wangu, swahiba. Tatizo linalotibika injini ikiwa kwenye fremu ni la kupunguzia bei. Linalotaka injini ishushwe ni la kuondoka nalo kichwani tu, pikipiki ibaki kwa mwenyewe. Anayenunua kwa bajeti ndogo hana fedha ya kuitafuta siri iliyomo ndani ya injini ya mtu mwingine.

Umeme huwatesa wengi wenye pikipiki za umri huu, lakini kipimo chake ni cha dakika tano. Beba multimita. Betri nzima iliyojaa, injini imezimwa, inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Washa, pandisha mizunguko hadi kama 4,000 au 5,000 kwa dakika, na isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta, kifaa cha kudhibiti chaji, imekufa na itapika betri pamoja na balbu. Ikibaki kwenye 12, chaji haifiki. Hapo kabla ya kulaumu koili ya kuzalisha umeme, fuata nyaya tatu za rangi moja, mara nyingi njano, zitokazo kwenye injini hadi soketi yake. Ivute. Plastiki ikiwa imebadilika kuwa kahawia, au kipini kimoja kimeyeyukia ndani, umekuta pale umeme unapopotea, na dawa yake ni soketi mpya.

Shokapu za mbele zichunguze kwa ukucha kuliko macho. Upitishe taratibu juu ya bomba linalong'aa, kutoka kwenye sili kwenda juu. Tundu la kutu likinasa ukucha mahali sili inapopita, sili mpya utakayoweka itakatwa ndani ya muda mfupi na oili itatiririka hadi kwenye diski. Tundu hilohilo likiwa juu kabisa, sili isikofika, halina madhara. Kisha inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole. Ukihisi unaingia kijishimo katikati, beringi za usukani zimechimbika. Na kwenye sproketi ya nyuma, vuta cheni kuelekea nyuma: ikiinuka hadi nusu ya jino kuonekana, cheni imekwisha, na hubadilishwa pamoja na sproketi zote mbili, kwani sproketi iliyochakaa huimaliza cheni mpya upesi.

Ajali tafuta kwenye vituo vidogo vya chuma vinavyozuia usukani usipitilize, chini ya shingo ya fremu. Kikiwa kimepinda au rangi imepasuka hapo, usukani uligongwa kwa nguvu. Namba ya chesisi isome tarakimu kwa tarakimu ukiwa na hati mkononi, na ya injini vilevile. Alama ya tupa au chuma kilichosuguliwa, usijadiliane.

Hesabu sasa. Hata kama kila kitu kingine kitakuwa kizuri, pikipiki iliyolala hivyo bado inadai matairi mawili, betri, oili na filta yake, mafuta ya breki, plagi, filta ya hewa, na huenda cheni na kebo ya klachi. Ulizia bei za hivyo kabla hujataja ofa yako, tena uhakikishe vinapatikana. Modeli isiyo na gasketi sokoni ni mapambo. Theluthi ya fedha uliyonayo usiiguse kwenye ununuzi. Kama bei yake inaila hiyo theluthi, jibu langu ni uiache, uzuri wa tangi lile usikuleweshe. Afadhali yenye kilomita 50,000 inayokwenda kazini kila siku, yenye risiti za oili. Kama cc si hoja kwako, itazame Honda CG125, iliyoanza kuuzwa 1976: valvu zake zinasukumwa kwa fimbo, kwa hiyo cheni ya taimingi haimo kabisa.

Ukienda kuiona, nitumie picha ya tarakimu za matairi yote mawili, ya shingo ya fremu kwa karibu, na usomaji wa volti injini ikizima na ikiwaka. Usitoe hata arubuni kabla sijavipata.

Ni mimi,
swahiba wako