Risala ya Akina Mama Wauza Nafaka kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: mbukwenyi! Karibuni Chamwino.

Kikundi chetu kilianzia chini ya mbuyu tukiwa wanawake 7. Leo tuko 19, tuna katiba, akaunti ya benki na mizani yetu wenyewe, na hakuna mwanachama anayekopa tena kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza. Ni mafanikio makubwa, na Mungu ashukuriwe.

Mheshimiwa, kero yetu ni moja: chenji. Redio tunasikiliza. Tunajua tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza sera ya fedha kwa riba yake, iliyoshushwa Julai 2025 kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Tunajua ukwasi, yaani fedha zilizopo mkononi, ukipungua kwenye mabenki, Benki Kuu huyakopesha kwa dhamana za Serikali, na ukizidi huupunguza. Tunashukuru, maana bei ikitulia nasi tunapumua.

Ila ukwasi huo ukifika gulioni msimu wa mavuno, unafika kwa noti za elfu kumi. Mteja anataka kisado kimoja cha uwele, anatoa elfu kumi. Muuzaji anazunguka meza sita kusaka chenji. Akirudi, mteja kaondoka. Anayevumilia anamaliziwa kwa kiberiti na pipi. Elfu moja zilizopo zimeungwa kwa selotepu, kondakta hazipokei.

Halafu kuna habari kutotufikia. Bibi mmoja wa hapa alifungua kibuyu chake cha akiba Mei 2025. Noti zilikuwa zile za zamani, na muda wa kuzibadilisha ulikwisha tarehe 5 Aprili. Aliambiwa hapa hapa gulioni, ameshazihesabu mezani.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisema ni jambo dogo. Wa mwaka jana aliliandika kwenye daftari, tukapiga makofi, tukamkabidhi mbuzi. Wote tunawaheshimu, na bado tunawasubiri.

Kwa unyenyekevu tunaomba, kuanzia Mei hadi Agosti, siku moja ya gulio kila mwezi gari la benki lije na sarafu na noti ndogo, liondoke na noti chakavu. Meza tutatoa, mgambo tutawalipa sisi, na ofisi ya kijiji ina mlango wa chuma.

Kalenda ya magulio tumeiambatanisha. Tunakuomba, kabla hujapanda gari, uzungushie tarehe ya kwanza. Kalamu anayo Katibu.