Barua kwa mdogo wangu: mama asiende kulala saa mbili

Mdogo wangu, salaam. Nimefika Tanga salama, gari lilichelewa Chalinze lakini tumeingia kabla ya magharibi na mizigo yote ipo. Nashukuru kwa wiki mbili zile, wewe na shemeji mmenipokea vizuri sana Mungu awabariki. Ila kuna jambo nimelibeba toka kwako mpaka huku na limekataa kushuka, na naliandika wazi kwa sababu nyumba nyingi za rafiki zangu naliona hilo hilo.

Mama analala saa mbili usiku.

Najua utasema ni umri. Mimi nimekaa nae siku kumi na nne nikimwangalia na nakwambia mama hana usingizi. Akishaswali isha anakuja kukaa pale kwenye kochi la dirishani, watoto wameshashika rimoti, tivii inaongea Kingereza, watoto wanacheka na yeye anacheka kidogo kwa sababu wao wamecheka, alafu anauliza "kasemaje huyo?" Mkubwa anamjibu bibi ngoja kwanza. Anauliza tena, ngoja. Basi anachukua tasbihi yake anaingia chumbani, na nilipomfuata siku ya tatu nilimkuta amekaa tu kitandani, taa inawaka, anakunja khanga ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Sasa nikumbushe kidogo. Unakumbuka mwaka 2011, mwaka wa mgao ule mbaya wa umeme, ile tamthilia ya Kichina ya Doudou ilivyokuwa TBC? Mama alikuwa anapanga mapishi yake yote kwa Doudou. Ukikatika umeme anamtuma mtu kwa jirani mwenye jenereta aulize kama wamewasha, na kesho yake pale dukani ni stori moja tu, Doudou kafanya nini na yule mama mkwe wa kwanza, kafanya nini na wa pili. Mama hajawahi kufika China na hafiki, lakini alikuwa anamjua yule binti kuliko anavyowajua majirani wa nyumba ya tatu. Alisema maneno ambayo mpaka leo nayasikia, "kumbe na Wachina wana mawifi." Na rais wao Xi Jinping alivyokuja Dar mwezi wa tatu 2013 akaitaja tamthilia hiyo kwenye hotuba yake, mama aliona kama ametajwa yeye. Ile kazi haikuwa na mabomu wala magari ya kuruka, ni watu wanagombana jikoni na kupatana jikoni. Kilichomkalisha mama ni kwamba walimwekea kwa Kiswahili, basi. Hakuhitaji mtu wa kumuuliza kasemaje.

Wewe uliniambia sababu yako, kwamba watoto wanasoma shule ya Kingereza na mnalipa ada kubwa na katuni zinawasaidia ulimi. Sikupingi kwenye ada. Lakini hao watoto wanakula Kingereza toka asubuhi mpaka saa kumi jioni, daftari Kingereza, mwalimu Kingereza, mpaka kugombania mpira ni Kingereza. Ile saa mbili ya usiku wakimpa bibi yao hawatafeli mtihani.

Na acha nikwambie walichokosa, maana naona hukijui, ulikuwa kazini.

Ile Jumamosi uliyokwenda kwenye kikao cha harusi waliweka Mufasa, ile muvi ya simba ya mwaka 2024, inayoeleza Mufasa mwenyewe na Scar, yule simba mbaya wa The Lion King, walivyokuwa wadogo. Nikasema leo mimi ndo Lufufu, yule mtafsiri wa muvi. Nikakaa katikati nikawa natafsiri kwa sauti, kama wale wa vibanda umiza tuliokuwa tunakatazwa kwenda, ila bila matusi yao. Mkubwa alinuna dakika kumi alafu akasahau kununa. Tukafika pale jina la utotoni la Scar linapotajwa, anaitwa Taka. Mama akasema simamisha hapo. Nikasimamisha. Akauliza, huyo mtoto anaitwa Taka, kwani mama yake alizika wangapi kabla yake?

Watoto wakamwangalia. Ndo akawaeleza, kwamba zamani mwanamke akizaa watoto wakawa wanakufa, anaefuata anapewa jina baya makusudi, Takataka, Jalala, Mashaka, ili kifo kikipita kione hapa hamna kitu cha kuchukua kiende zake. Akawaambia hata babu yenu, baba yangu mimi, alikuwa na dada anaitwa Jalala na alikuwa mwanamke mzuri wa sura hakuna mfano, aliishi akaona vitukuu. Mdogo wangu mimi nina miaka arobaini na mbili na hiyo habari ya bibi Jalala nimeisikia siku hiyo, kwenye muvi ya simba. Wewe uliwahi kuisikia?

Kwenye muvi yenyewe Taka ni mtoto wa mfalme na hawaelezi mambo hayo, kwaiyo walioandika sidhani kama walifika huko. Bibi yao alifika.

Na hapo ndo nikaona hizi muvi za simba zinavyotuhusu sisi kuliko zinavyowahusu wenyewe waliozitengeneza. Ile ya kwanza ya 1994 watoto wako wameiangalia sijui mara ngapi na hawajui kwamba Pumbaa ni neno, wanadhani ni jina la nguruwe tu. Wa kati aliniuliza shangazi, samahani mama mkubwa, shenzi maana yake nini, na yule fisi jike amekuwa akiitwa Shenzi mbele ya macho yake tangu ana miaka mitatu. Rafiki yule nyani anaimba asante sana squash banana, wewe nugu mimi hapana, watoto wanaruka juu ya kochi wanaimba nae kama ni Kichina. Mama aliposikia ile "wewe nugu" alicheka mpaka akashika mbavu, wakamuuliza bibi umeelewa? Sijawahi kumwona mtoto wako mkubwa anamwangalia bibi yake kwa macho yale. Kwa mara ya kwanza yeye ndo alikuwa anauliza kasemaje.

Alafu kuna hili nalo limeniganda. Kingereza kinasema Scar ni anko. Anko ni mtu yeyote, hata dereva wa basi la shule wanamwita anko. Nilipotafsiri nikasema huyu ni baba yake mdogo Simba, ndo kamtupa kaka yake kwenye lile bonde la nyumbu, ndo kamwambia mtoto kimbia usirudi tena, wote watatu walinyamaza. Mdogo kabisa akauliza "baba mdogo? kama baba mdogo wetu?" Mama akasema ndio, mwenye kukulea baba akifa, huyo huyo. Muvi wanayoijua kwa moyo ikawa mpya na nzito, kwa neno moja tu. Ndo maana nasema kuangalia kwa Kiswahili sio kumfanyia bibi huruma, watoto wenyewe wanaona zaidi.

Wenzetu wameshalijua hilo. Muvi ya Moana ilitoka 2016, mwaka uliofuata ikatoka kwa Kimaori, lugha ya wenyeji wa New Zealand, na Wamaori ukiwaweka pembeni ya watu wanaoongea Kiswahili hata hawaonekani. Lakini walitaka wale wajukuu wamsikie binti wa baharini anaongea lugha ya mababu zake. Sisi tuko mamilioni kwa mamilioni, tuna bahari, tuna majahazi, mbona tunaona kawaida tu.

Nisikuonee, vitu vya kwetu vipo na vingine nimevikuta kwako. Ubongo Kids nimeipenda toka ianze 2014, hesabu na sayansi kwa Kiswahili kilichonyooka, na yule mtoto wako mdogo na katuni yake ya Akili, yule binti wa chini ya mlima Kilimanjaro, naomba usimnyang'anye. Ila mkubwa ana miaka kumi na moja, huyo keshatoka kwenye kuhesabu, anataka hadithi yenye mtu mbaya na mtu mzuri na mtu usiemjua ni yupi. Na tamthilia zetu za usiku siwezi kukwambia umuwekee, nitakuwa muongo. Zinachezwa vizuri siku hizi, picha safi, waigizaji wanajua kulia kweli, lakini kila nyumba ina mchepuko, sumu na vibao, mtoto akitokea ni wa kutumwa maji. Za Kituruki za kwenye king'amuzi sauti zimewekwa vizuri na mama anazipenda, ila jumba la sultani na fitina zake ni la watu wazima, na zinakwenda taratibu mno, mtu anamwangalia mwenzake mpaka chai inapoa. Nawaomba wanaotengeneza hapa nyumbani watukumbuke, watufanyie moja ya kukaa bibi, mama na mjukuu kwenye kochi moja bila mtu kuziba macho.

Mpaka hapo, tutafsiri wenyewe. Jumapili nilijaribu Queen of Katwe, ile ya Mira Nair ya 2016, ya binti wa Kampala anaecheza chesi. Nilidhani mama atachoka, chesi haijui. Lakini ile muvi ukweli wake ni ya yule mama anaechezwa na Lupita, mjane, anauza mahindi, anahamahama na watoto, hamwamini yule kocha kwa sababu ameshaona wanaume wanaokuja na maneno mazuri. Mama alikaa mbele kabisa ya kochi. Alikuwa hanisubiri nitafsiri, anaongea nae, "usimpe, mshike mtoto wako, haya sasa mwache aende." Mwishoni walipotoka wale watu wenyewe wa kweli wakasimama pembeni ya waliowaigiza, alinyamaza alafu akasema huyo mama ameshukuru kweli. Unakumbuka nani aliuza cherehani ili wewe ulipe mtihani wa fomu foo. Hakuitaja na mimi sikuitaja.

Na muvi ya Coco tuliiweka usiku wangu wa mwisho. Nilisita, maana ni mambo ya Wameksiko na wafu wao, wanaweka picha na maua wanasema marehemu wanarudi, nikajua mama ataniambia hii ni shirki toa. Aliangalia kimya. Akasema sisi hatuweki picha, sisi tunasoma khitma, lakini hapo kwenye kusahauliwa wamesema kweli. Ilipofika mwisho, yule mtoto Miguel anamwimbia bibi kizee ambae hajui tena mtu, na bibi anaanza kukumbuka wimbo wa baba yake, nilikuwa sitafsiri tena na hakuna alieomba nitafsiri. Wa kati alihamia kwa mama akamlalia mapajani. Akamuuliza, bibi na wewe baba yako alikuimbia nini? Na mama akaimba. Wimbo mfupi wa Kidigo, mistari mitatu tu, sauti inakatika. Saa nne kasoro usiku, mdogo wangu, na hakuna aliekuwa na usingizi, wewe ulikuwa jikoni unaongea na simu ukadhani ni tivii.

Kwaiyo naomba hivi. Ijumaa na Jumamosi rimoti iwe ya bibi. Mkubwa ndo atafsiri, Kingereza anakijua kuliko mimi, na kutafsiri kwenyewe kutamjenga ulimi wa pande mbili, mwambie asiruke maneno na akikwama kwenye neno la Kiswahili amuulize bibi. Bibi akisema simamisha, isimamishwe. Nimeweka muvi saba kwenye flashi, nimempa dereva wa basi la asubuhi, ataiacha ofisini kwao Shekilango, kaichukue leo. Ya kwanza kwenye orodha nimeshamwambia mama kwa simu inahusu nini, na kaniambia atapika mapema.