Kyanguli bado inatuuma

Mhariri,

Kila Machi, sisi wakazi wa Machakos huukumbuka usiku wa mwaka 2001 ambapo wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na vyuma. Wengi walizikwa pamoja katika uwanja wa shule hiyo hiyo. Miaka mitatu awali, wasichana 26 walikuwa wamekufa kwa moto katika Shule ya Wasichana ya Bombolulu katika hali inayofanana mno na hiyo, na mwaka 2024 ikawa zamu ya shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, kuungua. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 ulipiga marufuku vyuma madirishani. Basi Wizara ya Elimu itangaze hadharani shule ambazo hazijaving'oa, ili mzazi azijue kabla ya kulipa karo.

Mzazi,
Machakos