Nitumie sauti yako kabla ya kikao

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mtoto kikohozi kimemwachia, na Mama Tunu anakuulizia kila tukionana. Nakuandikia mbiombio maana nina ombi, na nalitaka kabla ya kikao kijacho.

Kikundi chetu cha mazungumzo unakijua. Tunachagua mada, na muda si muda wawili wenye sauti kubwa wameshaliteka baraza. Safari hii nikaomba tuanze na shairi. Si mhadhara wa ushairi, shairi lenyewe: lisomwe kwa sauti mara mbili, tunyamaze kidogo, kisha anayetaka aseme ubeti gani umemgusa. Wamekubali! Tena wa kwanza kuniunga mkono ni Bakari, yule yule asiyekubali kitu.

Hofu yangu ni tusije tukageuka darasa. Wengi wetu tulikutana na shairi kwenye mtihani: taja dhamira, hesabu mizani, onyesha vina vya kati na vya mwisho. Mtu akiulizwa hivyo hufunga mdomo, akidhani jibu ni moja na mwalimu ndiye kalishika. Vina navipenda, wajua, lakini sikio huvipokea kabla hujavihesabu.

Nataka tuanze na ule utenzi wa kale, Al-Inkishafi, zile beti ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mwenyewe, akiuonyesha majumba ya mji wa Pate, kule Lamu, yaliyogeuka magofu na kuuliza wenyewe wako wapi. Hamhutubii mtu, anajihoji. Ukimsikia mtu anajihoji, nawe unaanza kujihoji, na hapo hakuna wa kumshinda mwenzake. Ndicho tunachokikosa. Asha anasema lahaja ile ya kaskazini ni ngumu, watu watakwama. Nimemwambia tutachukua beti chache, maneno magumu tuyafafanue kwanza. Hajaridhika. Yeye anamtaka Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyaandika kifungoni kwenye karatasi za msalani, yakatoka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Nayo yananivuta, sikufichi. Labda kikao cha pili. Au yatangulie?

Sasa wewe. Tungo hizi ziliimbwa, na kwetu hakuna anayeghani kama wewe. Ulipoghani kwa kina Tunu hata watoto walinyamaza. Jirekodi kwa simu beti nne tano za Inkishafi, unitumie. Usiharakishe. Tulia mwisho wa kila ubeti, maana nafasi ile ndiyo watu watakayoihitaji.

Na huo ukimya ndio unaonikosesha usingizi. Tukikatisha mapema, wale wawili watauruka wakaanze kubishana. Tukiurefusha, watu watatoa simu. Wewe ungeuacha uendelee hadi lini? Asiyetaka kusema chochote tumwache tu, au aulizwe kwa upole? Na mtu akitoa la moyoni, lenye uchungu, tusimame naye hapo hapo au tupokee la mwingine? Je, akizuka wa kutusahihisha kwamba maana halisi ni hii, nimjibu nini bila kumvunjia heshima? Maana atazuka, unamjua. Halafu hilo la Asha: ungetanguliza moyo au kifungo?

Nijibu upesi, hata kwa ujumbe wa sauti. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Zuhura