Risala ya Kikundi cha Walioacha Pombe kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mlioambatana naye, ndugu na wenzetu wote,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha, na tunakushukuru kwa kufika. Tena mapema.

Historia yetu ni fupi, nasi tutazidi kuifupisha. Tulianza watu wanne, sasa tuko 31. Tulifuata mfano wa Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ulioanza mwaka 1935 huko Akron, Marekani, kwa mazungumzo ya walevi wawili. Mmoja wao alikuwa daktari wa upasuaji.

Mheshimiwa, mafanikio yetu ni makubwa mno. Tuna mhuri. Tuna daftari la mahudhurio lenye jalada gumu. Mweka hazina wetu, ambaye nyumbani kwake haachiwi hata ufunguo wa kabati, ametunza fedha za kikundi miaka mitatu bila senti kupungua. Wenzetu wawili waliteleza, wakarudi. Nao tumewahesabu humu, ingawa baadhi ya wanakamati walitaka wafutwe.

Tuje kwenye ombi. Watu husema mlevi hana nia, angetaka angeacha leo hii. Mheshimiwa, kuacha leo hii kunaweza kuua. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikata ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa na pombe huchachamaa. Hutokwa jasho, hutetemeka, na ndani ya saa 48 kifafa chaweza kumwangusha. Wengine hufuatiwa na maruweruwe, wakapambana na watu wasiokuwepo. Yule mnayemwona alfajiri ameshika glasi kwa mikono miwili isimwagike, mkasema anazimua kwa kukosa haya, huenda anauzuia mwili wake usianguke. Raha iliisha zamani.

Dawa za kumvusha siku hizo zipo. Tunachokosa ni pa kumlaza: chumba kimoja, vitanda vinne, na muuguzi wa zamu ya usiku. Kwa sasa tunakesha naye kwa zamu, mmoja kashika tochi, mwingine kashika mkono wa mgonjwa, na hakuna kati yetu aliyesomea uuguzi.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilipokea, tukapiga makofi. Wa mwaka jana alisema liko mezani. Tulipotuma mjumbe kulifuatilia, aliambiwa kwanza apumue, anuswe, kisha akajibiwa kwamba walevi wakipewa chumba watakigeuza kilabu. Mjumbe huyo ana miaka sita hajaonja tone.

Hatusemi tulidanganywa. Ila sisi ndio tunaosifika kwa kuahidi usiku na kusahau asubuhi, na tusingependa kuamini kwamba maradhi hayo yamewafikia na wakubwa.

Kwa hiyo leo, Mheshimiwa, tutaridhika na tarehe tu. Katibu yuko kushoto kwako, ana daftari na kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.