Risala ya Wakaazi na Mafundi Chokaa wa Mji Mkongwe kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Wilaya ya Mjini,
Wawakilishi wa Mamlaka ya Mji Mkongwe,
Masheha wetu, mafundi wakongwe, wazee, akina mama, na vijana mnaohitimu leo,

Assalaamu alaykum.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika hafla hii ya kufunga mafunzo ya ufundi wa chokaa. Tunajua shughuli zako ni nyingi. Tulikutarajia saa tatu, umefika saa tano, na tunakushukuru kwa dhati, kwa sababu wapo waliotuahidi kufika na mpaka leo tunawasubiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya kikundi chetu ni fupi. Kilianza kama upatu wa akina mama wa mtaa mmoja waliochoka kuweka ndoo chini ya dari zinazovuja. Baadaye wakaingia waume zao, kisha mafundi, kisha vijana. Tuna katiba, tuna akaunti ya benki, na akaunti hiyo ina pesa, ingawa mshika fedha ametuomba tusitaje kiasi.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumezibua michirizi ya mtaa mzima. Tumekarabati mabaraza mawili, na wazee wameshayarudia kwa kahawa na bao. Tumenunua toroli. Tumeokoa mlango mmoja wa nakshi usiuzwe. Na leo, kwa mara ya kwanza katika historia ya kikundi, vijana wetu wanatunukiwa vyeti baada ya kupiga lipu ya chokaa ukuta mzima wa uani, kuanzia chini mpaka mahali ngazi ilipokomea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo tunaomba utuvumilie katika jambo moja, nalo ndilo tulilokuitia.

Mji huu hauna upungufu wa usimamizi. Mamlaka ipo tangu 1985. Mpango wa uhifadhi na sheria yake vilikuja 1994. Mwaka 2000 UNESCO wakauingiza mji katika Urithi wa Dunia, na 2010 ikatungwa sheria mpya. Majengo yamehesabiwa, ni kiasi cha 1,700, na yale yenye thamani zaidi yameorodheshwa kwa madaraja. Mtu akitaka kutoboa dirisha, kuongeza ghorofa au kubadilisha mlango, lazima aombe kibali kwanza. Hayo yote tunayaunga mkono. Bila ya hayo, mitaa ya Shangani na Kiponda ingekuwa imeshageuka maduka ya vioo.

Vile vile masharti yanataka ukuta wa zamani upigwe lipu ya chokaa, si saruji. Hilo nalo tunaliunga mkono, tena kwa ujuzi, kwani tumelisomea. Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia lipu. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani, chumvi inakula udongo, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaanza kuoza bila ya mtu kujua. Misimu michache ikipita, saruji inabanduka kwa mapande na kuondoka na jiwe.

Sasa, Mheshimiwa, tunauliza kwa unyenyekevu: chokaa iko wapi?

Zamani mawe ya matumbawe yakipangwa juu ya magogo ya minazi na kuchomwa. Chokaa ikazimwa kwa maji, ikafukiwa shimoni kwa wiki nyingi, na mwenye nyumba mwenye subira akiiacha kwa miezi. Leo hakuna mkaazi wa mjini mwenye uwanja wa kuchimba shimo. Tunanunua magunia mawili matatu kutoka mashamba, tunaizima ndani ya pipa kichochoroni huku wapita njia wakilalamika, na siku ya pili tunaipiga ukutani ikiwa bado changa. Matokeo yake ni nyufa na vipele. Jirani anapita, anatazama, anasema, “Si nilikwambieni saruji?” Kila mtu aliyekaa hapa anajua mikokoteni ya saa nne za usiku inabeba nini. Hatutataja nyumba ya mtu, na tunawaomba wakaguzi waliohudhuria wasiandike chochote kwa sasa.

Kwa upande wa boriti hali ni nzito zaidi. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu mikoko haikumpa mjenzi nguzo ndefu kuliko mita tatu hivi, naye akaufuata mti. Boriti hizo zikija kwa majahazi kutoka Rufiji. Leo mikoko inalindwa, na sisi wenyewe tuna watoto wanaofundishwa skuli kuipanda. Lakini boriti ya ghorofa ya pili ikikatika, mpangaji afanye nini? Anachofanya ni kuweka gogo la mnazi katikati ya chumba cha chini, na familia ya chini inalizunguka wakati wa kula. Nyumba nyingi za aina hiyo zilichukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, nyengine ni za wakfu, na ndani ya nyumba moja mnaishi familia kadhaa. Kila mtu ana chumba chake, na paa halina mwenyewe.

Tunafahamu kwamba kazi kubwa zimefanyika. Dispensari ya zamani pale Mizingani ilirejeshewa uzuri wake miaka ya 1990 na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, na Bustani ya Forodhani ikapambwa upya 2009. Tunapita huko na wageni wetu na tunajivunia. Hata hivyo, tunaona kwamba mfadhili hulipenda zaidi jengo linaloonekana kutoka baharini. Mwenye hoteli ana mhandisi wake na mkandarasi wake. Bibi wa Sokomuhogo mwenye vyumba viwili vya kupanga ana sheria ile ile na kibali kile kile cha kuomba, ila hana pa kununua kitu ambacho sheria inamtaka akitumie.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilianguka wakati jengo likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Lile ni jengo la Sultani Sayyid Barghash la 1883, lina ufadhili wa Oman, lina wataalamu, na dunia nzima inalitazama. Nyumba zetu zinatazamwa na sisi tunaolala ndani. Kila masika yakikaribia, akina mama wa kikundi hiki huhamisha vitanda vya watoto kuviweka mbali na ukuta wa nje. Hilo tunaomba ulichukue kama lilivyo, Mheshimiwa. Hatukulitia chumvi kama tulivyolitia chumvi lile la toroli.

Kwa hiyo ombi letu ni hili: tupatiwe eneo la Serikali nje kidogo ya mji, mahali gari inapofika, tujenge yadi ya chokaa na boriti. Tunahitaji mashimo matatu ya kulazia chokaa ili moja liwe linaiva wakati jengine linatumika, banda la kukaushia miti, na kibali maalumu cha kiasi kidogo cha boriti kwa mwaka kutoka misitu inayosimamiwa, au mti mbadala ambao wataalamu watauridhia. Vijana wanaohitimu leo wataiendesha yadi. Chokaa itauzwa kwa bei ya gharama kwa mkaazi yeyote mwenye kibali cha ukarabati, ili karatasi ya kibali iambatane na kitu cha kushika mkononi. Hatuombi mishahara. Hatuombi ofisi. Kiti tunacho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni, na huenda umeshalisikia kwa mwengine. Mgeni rasmi mmoja aliyetangulia alisimama hapo ulipokaa akasema eneo hilo tulihesabu tumeshalipata. Tulipiga makofi sana, na picha ya siku hiyo ipo ukutani nyuma yako. Aliyemfuata aliahidi kufuatilia ahadi ya mwenzake. Wa tatu akaunda kamati. Kamati ilikuja, ikapima kiwanja kwa hatua za miguu, ikanywa soda, ikatushukuru kwa ukarimu. Hatusemi kwamba walitudanganya. Majukumu ya uongozi ni mazito na watu huhamishwa. Tunachosema ni kwamba barua zetu zote zina mihuri ya kupokelewa, myengine ya buluu na myengine ya zambarau, na hakuna hata moja yenye jibu. Wahenga walisema ahadi ni deni. Sisi wadai tumebisha hodi mpaka mikono imetuuma, na bado tunabisha kwa adabu.

Mahitaji mengine yapo, kama vile ngazi ndefu, kofia za kujikinga na taa ya kichochoro cha nyuma. Tumeyaandika katika kiambatisho ili tusichanganye maneno. Ukiondoka hapa umesahau taa, tutakusamehe.

Tunawashukuru mafundi wakongwe waliokubali kufundisha kwa nauli tu, na akina mama waliopika tangu alfajiri. Tunawashukuru pia wakaguzi wa mji, ambao hutufungia kazi kwa haki na hutuelekeza kwa upole.

Mwisho, Mheshimiwa, kabla hujakabidhi vyeti tunakuomba ututajie tarehe. Neno “hivi karibuni” tumeshapewa mara nyingi, na tunalo la kututosha. Katibu msaidizi amekaa kushoto kwako na daftari, ukurasa umeshapigwa mstari, na kalamu ni nzima. Baada ya hapo utakaribishwa uani kuukagua ukuta wa mafunzo. Tunakuomba usiuegemee, maana chokaa yake ni ile ya pipani na bado mbichi.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Wabillahi tawfiq.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama.