Kaka, sijamwanika mama

Kamwene kaka.

Najua hii utaisoma hata kama umetoka kwenye grupu la familia, maana shangazi lazima atakutumia. Simu zangu hupokei toka Septemba, meseji naona zimesomwa basi, sasa ngoja niandike hapa ambapo huwezi kunikatia.

Ulisema nimemwanika mama kwa yale maonyesho ya vikapu alivyosuka akiwa anaumwa. Neno lako hilohilo, umemwanika mama mbele za watu ili usifiwe. Nimelala nalo miezi mitatu. Kaka, sisi si ndio watoto wa kuanika? Nani alikuwa anabeba mizigo ya milulu, yale majani ya kusukia vikapu, toka bondeni tunaitandaza uwanja mzima mpaka kuku wanakosa pa kukanyaga, na wingu likitokea upande wa Kalenga mama anapiga kelele tuanue? Milulu mibichi haisukwi, ukiisuka mibichi kikapu kikija kukauka kinalegea chote, mama alitufundisha mimi na wewe siku moja, tumekaa jiwe moja. Kwake kuanika haikuwa aibu hata kidogo.

Hukuja, ndo maana nakueleza. Vilikuwa vikapu 14 kwenye chumba kimoja tulichoazimwa pale mjini, tukafungua tarehe 21 Septemba kwa sababu ndiyo siku ya Alzheimer duniani, ugonjwa huo wa kusahau aliokuwa nao mama. Hakuna picha ya mama hata moja. Jina lake halipo. Niliviweka mstari mmoja toka mlangoni mpaka dirishani kwa jinsi alivyovisuka, cha kwanza ni kile cha 2017 chenye mistari myekundu na kifuniko, unakijua, kimebana hata sindano haipiti. Cha tano mistari inaanza kukosana. Cha nane kimelalia upande. Cha kumi na moja ukikiinua unaona kitako hakijafungwa, alipanda juu akasahau chini. Na cha mwisho ni kitako chenyewe tu, kama kisosi cha chai, milulu inaning'inia pembeni alipoiachia.

Watu walikuwa wanaingia wanapiga stori zao, wakifika cha nane au cha tisa wananyamaza wenyewe. Kuna mama mmoja alisimama pale muda mrefu afu akaniambia mama mkwe wake walimwita mchawi kijijini kwa sababu alikuwa anatoka usiku anatembea, mpaka akafa watu wanamkimbia, hakuna aliyewaambia kuwa ni ugonjwa. Alilia na mi nikalia. Hiyo ndo unaita kutafuta sifa?

Wazo nililipata kwenye simu usiku nikiwa namlinda asifungue mlango. Kuna mchoraji Mmarekani alikuwa anaishi London, William Utermohlen, aliambiwa ana Alzheimer mwaka 1995, akaendelea kuchora uso wake mwenyewe miaka kadhaa mpaka mkono ukashindwa, ukizipanga zile picha unaona uso unavyopotea kidogo kidogo. Alifariki 2007. Niliziangalia nikageuka nikaona vikapu vya mama vimelundikana kwenye kona, nikasema mbona ni kitu kilekile.

Daktari alitueleza, hukuwepo. Kwanza walipima damu, tezi ya shingo, vitamini B12, maana yapo mambo mengine yanafanana na huu ugonjwa na yenyewe yanatibika. Hayakuonekana. Akasema sehemu ya ubongo inayoandika mambo mapya ndiyo inaharibika mapema, ya zamani yanakaa sana, na ujuzi wa mikono unakaa sehemu nyingine kabisa. Ndo maana uji wa asubuhi hakuukumbuka lakini 1954 anakueleza kama jana, yeye ana miaka kumi, baba yake kambeba mabegani pale Kalenga, gavana Twining analeta fuvu la Mkwawa na Chifu Adam Sapi analipokea. Anaisimulia mara nne kwa mchana mmoja, mwishoni Kihehe kitupu maana Kiswahili nacho kilishaondoka. We ulisema anachosha. Mi nilikuwa namsikiliza mara nne.

Sasa lile jambo. Unajua ni lipi.

Desemba 26 mwaka 2020. Umekuja na wageni wako wa Dar, magari mawili. Mama kakaa mkekani na milulu mapajani, ametulia, siku yake nzuri kabisa. We ukachuchumaa mbele yake umeshika simu ukasema, mama, mi ni nani? Akasema karibu mgeni. Watu wakacheka. Ukarudia, hapana mama, sema jina langu, mi ni nani? Akaangalia watu, akaniangalia mimi, akacheka na yeye kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka. Ukarudia mara ya tatu, kwa sauti, kama vile ni kiziwi. Ndo akaacha kucheka. Akachukua mikono yake akaificha chini ya kitenge. Kaka, ile mikono. Kusuka kote kule, kutusomesha kote kule, anaificha kama mtoto aliyekamatwa na kitu. Na klipu ikawa kwenye grupu kabla chakula hakijapakuliwa, umeandika mama yetu amerudia utoto.

Sikusema kitu. We ndo mkubwa na hela ya dawa ilikuwa inatoka kwako, sikatai, ilifika kila mwezi. Lakini wa kumwanika mama si mimi.

Nakwambia hii kwa sababu utakutana na mwingine mwenye ugonjwa huu, wazee tunao bado. Usimpe mtihani. Jitaje mwenyewe, mama mi mwanao fulani nimekuja, inatosha. Akisema anataka kwenda nyumbani na yuko nyumbani usimbishie, mvike sweta mzunguke hata nyumba ya jirani, mkirudi mlangoni ataona kafika. Mi nilifanya hivyo miaka minne, kila jua likianza kushuka anataka kwenda kwao, mvua ya Iringa na ile baridi ya Julai, na hakuna aliyenifundisha, na hakuna aliyenipokea hata wiki moja, niliacha kibanda changu sokoni kikafa, kwa hiyo mtu asiniambie sina haki ya kuonyesha vile vikapu. Nani mwenye haki hiyo kama si mimi?

Na mimi nina langu, sijalificha. Kuna kipindi nilikuwa nafumua usiku pale alipokosea nasuka upya ili kiuzike. Asubuhi moja akakishika kikapu, akakipitisha vidole taratibu, akasema hiki si changu. Akakisogeza pembeni, siku mbili hakugusa kazi, kakaa tu anaangalia ukuta. Jina lako halijui, langu halijui, ila mkono wake anaujua, na mi nilikuwa namuibia. Kile ni cha saba kwenye mstari. Nimeandika kwenye karatasi pale ukutani kuwa kilifumuliwa na binti yake. Kwa hiyo kama kuna mtu ameanikwa kaka, basi ni mimi, na nimekubali.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Ile siku mlivyoondoka, mlisema mnawahi kuteremka mlima Kitonga kabla ya giza, hamkula, wali na kuku wote ukabaki. Magari yakapotea kwenye kona, mama akatoa mikono kwenye kitenge, akaniuliza, yule kijana amekula? Nikamwambia amekula mama. Akaniuliza tena usiku wakati namlaza. Nikamwambia tena amekula.

Vikapu vimerudi nyumbani. Kuna mtu alitaka kununua cha kumi na nne nikakataa, nimekuwekea wewe, kipo kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Usiniagize nikupe kwa basi, kile hakifungwi kwenye boksi, milulu yake itakatika. Njoo mwenyewe. Nitapika, na safari hii ule kwanza ndo uondoke.